Mafuta ya zeituni yamekuangusha? Anza na dalili

Malalamiko kuhusu mafuta ya zeituni yanafanana kila mahali. Mtu ametoa pesa ambayo ingetosha lita kadhaa za alizeti, amefika nyumbani na kufungua chupa, na kilichomo hakilingani na sifa alizosikia. Mmoja hulaumu nchi yalikotoka, mwingine kampuni, mwingine anaamua kwamba mafuta haya ni jina tu. Kwa sehemu kubwa chanzo hakiko huko. Haya ni mafuta yanayokamuliwa kutoka kwenye nyama ya tunda bichi, si mbegu kavu, na hayapati ubora kwa kukaa. Yanaanza kupungua siku yalipotoka kinuni, na mwanga, joto, hewa na muda ndivyo vinavyoyamaliza. Ndiyo maana chupa mbili za kampuni moja, kutoka supamaketi mbili za mtaa mmoja, zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Mwongozo huu unahusu daraja la juu, lile ambalo lebo huliandika Extra Virgin. Chupa za Tunisia na Morocco, ambazo mara nyingi zina Kifaransa, huandika Vierge Extra. Za Italia Extra Vergine. Za Hispania Virgen Extra. Tafuta dalili yako hapa chini. Lakini kwanza onja sawasawa, maana kuonja juu ya saladi yenye ndimu na chumvi hakukuambii lolote.

Mimina kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi ndogo. Ifunike kwa kiganja, ishike kwa mkono wa pili kama dakika moja mpaka mafuta yapate joto la mkono, kisha funua unuse papo hapo. Halafu weka kidogo mdomoni, yazungushe, vuta hewa kati ya meno, umeze. Subiri kidogo kabla ya kusema neno, kwa sababu kuna kitu huja baadaye, kooni. Usitumie mkate. Rangi usiijali hata kidogo: waonjaji rasmi hupewa glasi za buluu au kahawia, zilizopashwa hadi nyuzi 28 hivi, makusudi wasione kama mafuta ni ya kijani au ya dhahabu. Ukijani unategemea aina ya zeituni na siku zilipochumwa. Kuna mafuta ya kijani kibichi yaliyoharibika na ya manjano yaliyo safi kabisa.

Yananiwasha koo, nikimeza nakohoa

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu warudishe chupa nzuri dukani, na inanisikitisha kila ninapoisikia. Uchungu unaousikia ulimini na mwasho unaopanda nyuma ya koo sekunde chache baada ya kumeza si kasoro. Baraza la Kimataifa la Zeituni, lenye makao yake Madrid, lina fomu ambayo majopo ya waonjaji huijaza, na upande wa sifa njema una vitu vitatu tu: harufu ya tunda, uchungu na mwasho. Mafuta yasiyo na hata chembe ya hivi viwili vya mwisho hayajavunja sheria, ila mara nyingi ni ya zamani au yametoka kwenye zeituni zilizoiva kupita kiasi.

Mwasho huo unaletwa hasa na oleokantali, kemikali ya asili iliyomo kwenye mafuta haya. Mwanasayansi Gary Beauchamp alionja mafuta mapya huko Sicilia akautambua mkwaruzo ule ule wa kooni alioujua kutokana na dawa ya ibuprofeni ya maji. Mwaka 2005 yeye na wenzake wakachapisha katika jarida la Nature kwamba oleokantali huzuia vimeng'enya vilevile ambavyo ibuprofeni huvizuia. Hiyo haifanyi kijiko cha mafuta kuwa kidonge, kwani kiasi kilichomo ni kidogo. Kinachokuhusu wewe dukani ni kwamba oleokantali ni mojawapo ya polifenoli, yaani kemikali za asili za mimea, na polifenoli hupungua mafuta yanapokaa. Koo lako linapima upya wa mafuta vizuri kuliko maneno mengi yaliyoandikwa kwenye chupa.

Kama huupendi mwasho, una haki. Lakini suluhisho ni kuchagua aina ya zeituni iliyo pole, si kununua mafuta yaliyochoka. Lebo nzuri hutaja aina. Picual ya Hispania, Coratina ya kusini mwa Italia, Koroneiki ya Ugiriki na Chetoui ya kaskazini mwa Tunisia ni kali. Arbequina ya Hispania na Chemlali ya upande wa Sfax ni laini zaidi. Mimi ningeweka kali kwa maharage, kunde, dengu na kachumbari yenye kitunguu kingi, na laini kwa mayai, samaki wa kuchemsha au viazi. Uchungu unaokusumbua kwenye kijiko hutulia ukikutana na wanga na chumvi.

Yana harufu ya karanga za zamani, krayoni au mafuta ya kupaka

Hapa tatizo lipo. Mafuta yamechacha, na katika miji ya joto kama yetu hii ndiyo dalili utakayokutana nayo zaidi kuliko zote. Onja korosho au karanga zilizosahaulika kabatini msimu mzima na utaijua ladha hiyo: utando mzito mdomoni, utamu wa ajabu usio wa tunda, na harufu inayobaki hata baada ya kunywa maji. Si sumu ya kukulaza hospitali, lakini ulichokilipia hakimo tena.

Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vinne, na vitatu vya kwanza unaweza kuvijua ukiwa bado umesimama mbele ya rafu.

Cha kwanza ni mwanga. Mafuta haya yana klorofili, ile rangi ya majani, na klorofili ikipigwa na mwanga husaidia oksijeni kuyashambulia mafuta. Chupa ya kioo cheupe ni nzuri kutazamwa, lakini kwenye rafu ya juu chini ya taa zinazowaka tangu asubuhi mpaka usiku, au karibu na dirisha, inaharibu kilichomo taratibu. Chagua kopo la bati, kioo cheusi au cha kijani kizito, au chupa iliyofungwa karatasi nzima. Kama supamaketi yako ina kioo cheupe tu, pitisha mkono nyuma kabisa ya rafu uchukue iliyojificha nyuma ya wenzake. Chupa ya mbele ndiyo iliyokunywa mwanga mwingi, na mara nyingi ndiyo ya zamani pia kwenye foleni.

Cha pili ni joto. Mafuta hupenda kukaa penye baridi ya wastani, chini ya nyuzi 20 ikiwezekana. Sasa fikiria safari: kontena melini, bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, ghala la bati, lori, kisha duka lisilo na kiyoyozi. Huwezi kuibadilisha safari hiyo, lakini unaweza kuchagua mwisho wake. Duka lenye baridi na wateja wengi wa bidhaa hiyo, ambapo rafu hujazwa upya mara kwa mara, linakufaa kuliko duka zuri ambalo chupa zimeota vumbi. Nenda ukaguse chupa. Ikiwa ya vuguvugu, iache. Rundo la ofa lililopangwa mlangoni ambapo jua la saa nane linafika, nalo liache, hata kama bei imeshuka nusu.

Cha tatu ni muda, na hapa lebo huwapoteza wengi. Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa kwenye chupa haikuambii zeituni zilichumwa lini. Kwa kawaida mjazaji huihesabu miezi 18 hadi 24 tangu siku alipojaza chupa, na kabla ya hapo mafuta yanaweza kuwa yamekaa kwenye tangi kwa miezi. Chupa inayosema Desemba 2027 huenda ilijazwa wakati wowote kati ya Desemba 2025 na Juni 2026, na zeituni zenyewe zikawa za mavuno ya mwaka mmoja nyuma zaidi. Tarehe unayoitaka ni ya mavuno. Tafuta neno Harvest, au Raccolta kwa Kiitaliano, Cosecha kwa Kihispania, Récolte kwa Kifaransa. Mara nyingi imebanwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo, au imepigwa shingoni. Sheria za Ulaya hazimlazimishi mjazaji kuiandika, na akiiandika lazima mafuta yote yaliyomo yawe ya mavuno hayo. Kwa hiyo mwenye kuiandika amekubali kubanwa, na hilo lenyewe ni sababu ya kumpendelea.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kalenda ya mavuno ina faida ambayo haisemwi vya kutosha. Nchi za kaskazini, yaani Hispania, Italia, Ugiriki, Tunisia, Morocco na Uturuki, huchuma kuanzia Oktoba hadi Januari hivi. Afrika Kusini, Chile, Argentina na Australia huchuma kati ya Machi na Julai. Mafuta mapya ya kaskazini yanaweza kufika madukani kwetu kuanzia mwezi wa tatu au wa nne. Ikifika Septemba au Oktoba, ya kaskazini yamekaribia mwaka, na chupa ya Afrika Kusini ya mwaka uleule ni changa kuliko yote kwenye rafu. Chama cha wazalishaji wa huko, SA Olive, hutoa muhuri wa CTC unaobeba mwaka wa mavuno, mdogo lakini unasomeka. Walioko Ghuba wana bahati yao: mafuta ya Al Jouf, kaskazini mwa Saudia, hayavuki bahari kufika kwao.

Cha nne ni hewa, nacho ni cha jikoni kwako. Nitakifikia.

Yana harufu ya zeituni za kopo, siki, ukungu au soksi

Hii si sawa na kuchacha, ingawa wengi huzichanganya. Kuchacha hutokea baada ya kukamuliwa; nyingi ya harufu hizi huzaliwa kabla. Zeituni zikichumwa na kurundikwa kwenye magunia siku kadhaa zikisubiri kinu, joto hupanda ndani ya rundo na matunda huanza kuchachuka. Ukikamua hapo, uchachu huo huingia kwenye mafuta: harufu ya zeituni za kwenye maji ya chumvi, ya jasho, ya divai au siki. Zeituni zilizolala penye unyevu huleta ukungu. Mafuta yaliyoachwa juu ya mashapo yake kwenye tangi huleta harufu ya tope. Kinu makini hukamua ndani ya saa 24 baada ya kuchuma, na vingine ndani ya saa chache.

Kanuni hapa ni kali, na inafaa uijue ili usiyumbishwe na muuzaji. Daraja la juu halitakiwi kuwa na kasoro hata moja ya harufu au ladha. Jopo la waonjaji 8 hadi 12 huonja, na wastani wao wa kati wa kasoro ukizidi sifuri, mafuta yanashuka daraja kuwa Virgin tu, hata kama vipimo vya maabara vimepita. Kwenye maabara, asidi huru haitakiwi kuzidi asilimia 0.8 na namba ya peroksidi, inayopima jinsi oksijeni ilivyoyashambulia mafuta, isizidi 20. Ukikuta chupa ya daraja la juu inanuka siki, haijalishi asidi iliyoandikwa ni ndogo kiasi gani.

Ugumu ni kwamba wengi wetu tumeijua zeituni kwa harufu hiyo. Chupa ya kwanza tuliyoionja ilikuwa na kasoro, tukajifunza kwamba ndivyo inavyonuka, na siku tukikutana na mafuta yenye harufu ya majani mabichi, nyanya ambayo haijaiva au tufaha, tunadhani yametiwa kitu. Dawa yake ni kuonja chupa mbili kwa pamoja, moja changa yenye tarehe ya mavuno na moja ile uliyoizoea. Mkiwa nyumba mbili au tatu mkigawana gharama, jioni moja inatosha, na pua haisahau.

Hayana ladha wala harufu yoyote

Soma tena mbele ya chupa, neno kwa neno. Kama imeandikwa Olive Oil peke yake, au Pure, au Classic, au Light, si daraja la juu. Ni mafuta yenye kasoro yaliyosafishwa kiwandani mpaka yakapoteza harufu, ladha na sehemu kubwa ya polifenoli, kisha yakaongezewa kidogo ya yale mazuri ili yapate rangi. Neno Light linahusu ladha na rangi; nishati ni ileile ya mafuta mengine yote. Kama imeandikwa Pomace, hayo yametolewa kwa kiyeyushi, kwa kawaida heksani, kutoka kwenye makapi yaliyobaki baada ya kukamua, kisha yakasafishwa. Yote haya ni halali, yanaliwa, na kwa kukaangia yanafaa. Lisilofaa ni kuyalipa bei ya daraja la juu, na hilo hutokea kwa sababu chupa zinafanana: jani lilelile, kijani kilekile, kilima kilekile cha Toscana.

Kuna na zile chupa ndogo za duka la dawa, ambazo nyumba nyingi zinazijua kwa nywele, kwa ngozi ya mtoto au kwa maombi. Soma lebo yake. Kama imeandikwa ni ya kupaka tu, ibaki ya kupaka. Hata ikiwa ya kuliwa, huwa ni kioo cheupe, imesimama juani kwenye kabati la vioo, na bei yake kwa lita ukiipigia hesabu inazidi chupa nzuri ya supamaketi.

Ikiwa lebo inasema Extra Virgin na bado hakuna ladha, shuku umri kwanza.

Nashuku yamechanganywa na alizeti

Shaka hii ina msingi. Mwaka 1981 nchini Hispania mafuta ya mbegu za rapa yaliyotiwa kemikali ya anilini kwa matumizi ya viwandani yaliuzwa kwa wananchi bila lebo, kama mafuta ya zeituni. Watu wapatao 20,000 waliugua na mamia walifariki. Mwishoni mwa 2023 polisi wa Hispania na Italia, wakisaidiwa na Europol, shirika la polisi la Ulaya, waliwakamata watu 11 na kuzuia zaidi ya lita 260,000 za mafuta yasiyofaa. Ukame ulikuwa umechochea mambo: Hispania, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ilishuka kutoka karibu tani milioni 1.5 msimu wa 2021/22 hadi tani 665,000 hivi msimu uliofuata, na mwanzoni mwa 2024 kilo moja huko ilipita euro 9 ikiwa bado haijatiwa kwenye chupa. Bei ikipanda hivyo, walaghai huamka.

Lakini weka shaka mahali pake. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha California huko Davis kilipima mafuta yaliyonunuliwa kwenye supamaketi za jimbo hilo yakiwa na jina la daraja la juu. Asilimia 69 ya sampuli za kutoka nje zilishindwa, na asilimia 10 za California. Takwimu hiyo hutajwa sana kama ushahidi kwamba mafuta mengi ni bandia. Sehemu ya fedha za utafiti ilitoka kwa wazalishaji wa California, na sababu zilizotajwa za kushindwa zilikuwa pamoja na uzee, mwanga, joto na ukamuaji mbaya, si uchanganyaji peke yake. Kwa mlaji wa kawaida adui wa kila siku ni mafuta yaliyochoka.

Vipimo vya nyumbani vinavyozunguka kwenye simu havifai. Kuweka kwenye friji uone kama yataganda hakuthibitishi chochote: mafuta ya zeituni yaliyosafishwa nayo huganda, mchanganyiko wenye alizeti kidogo unaweza kuganda, na ya daraja la juu yanaweza kuchelewa kutegemea aina ya zeituni. Kuwasha utambi uone moshi hakufai pia, kwani mafuta yoyote ya kula huwaka utambini. Kupaka kwenye karatasi, hali kadhalika. Uchanganyaji wa kitaalamu hubainika maabara.

Unachoweza kupima ni karatasi na bei. Chupa ya kuaminika ina jina la mjazaji na anwani, namba ya shehena, nchi zeituni zilikotoka na alama ya shirika la viwango la nchi inakouzwa. Bei nayo inasema. Lita moja inahitaji kilo tano hivi za zeituni, wakati mwingine zaidi, mbali na uchumaji, kinu, chupa, meli na ushuru. Daraja la juu likiuzwa kwa bei inayokaribia alizeti, hesabu hiyo haijifungi popote. Bei kubwa peke yake lakini haithibitishi lolote. Chupa ghali ya kioo cheupe iliyokaa miaka miwili ni mbaya kuliko ya kati iliyo changa. Na yale ya kumiminiwa kutoka kwenye dumu lisilo na lebo, yaache kabisa.

Lebo ina sifa nyingi, sijui nishike ipi

Shika nchi ya asili, tarehe ya mavuno na aina ya zeituni. Bendera ya Italia mbele haitoshi. Geuza nyuma utafute sentensi ya asili: chupa iliyojazwa Italia inaweza kubeba mafuta ya Hispania, Ugiriki na Tunisia, na sheria ya Ulaya inataka hilo liandikwe, kwa mfano kwamba ni mchanganyiko wa mafuta ya nchi za Umoja wa Ulaya na za nje. Si aibu. Tunisia huuza mafuta mengi mno kwa matangi kwenda Ulaya, na chupa iliyojazwa Tunisia kwenyewe inaweza kukupa mafuta yaleyale kwa bei nafuu. Binafsi nikiziona, huzichunguza kabla ya nyingine.

Alama ya duara ya nyekundu na njano ya Ulaya, ile ya asili inayolindwa, ina uzito: zeituni zimelimwa na kukamuliwa katika eneo lililotajwa, kama Kalamata, Baena au Terra di Bari, chini ya ukaguzi. Haikulindi dhidi ya uzee, kwa hiyo bado angalia tarehe.

"Cold pressed" na "cold extracted" maana yake ni kwamba kazi ilifanyika chini ya nyuzi 27. Vinu vingi vya kisasa vinafanya hivyo kwa mashine ya kuzungusha, na "first press" limekuwa neno la mapambo, maana hakuna mkamuo wa pili unaotoa daraja la juu. Asidi ya 0.2 au 0.3 ni dalili njema ya matunda mazima, lakini ulimi hauisikii asidi hiyo. Usitafute uchachu wa ndimu. Kuhusu polifenoli, kanuni ya Ulaya ya mwaka 2012 inaruhusu lebo kudai faida ya kulinda mafuta yaliyomo kwenye damu ikiwa kila gramu 20 zina angalau miligramu 5 za hidroksitairosoli, mojawapo ya polifenoli hizo, na jamii yake. Mwenye kuandika kipimo hicho na tarehe yake anastahili kusikilizwa.

Yalikuwa mazuri, baada ya wiki chache yamebadilika

Hapa ndipo hewa inaingia. Kila unapofungua, oksijeni mpya huingia, na kadiri mafuta yanavyopungua, nafasi ya hewa inakua. Kopo la lita tano ni nafuu kwa lita, lakini nyumba ya watu watatu haitalimaliza kabla halijachoka. Nunua nusu lita, au lita moja ikiwa mnatumia kila siku, na umalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Ukipata kopo kubwa, kama familia nyingi Muscat zinavyonunua, ligawe siku ileile kwenye chupa ndogo nyeusi zilizokauka vizuri, zijaze mpaka shingoni, ufungue moja moja.

Usiweke karibu na jiko wala juu ya friji, ambako joto la mashine hupanda. Kabati la chini, mbali na ukuta wa jua, linafaa. Kijichupa cha kioo kinachokaa mezani ndicho chanzo kinachosahaulika zaidi: mabaki ya zamani yamegandamana kwenye shingo, unaongeza mapya juu yake, na uchachu wa zamani unaambukiza yote. Kioshe kwa sabuni na maji moto, kikauke kabisa, ndipo ujaze tena.

Kwa Mombasa, Tanga au Zanzibar wakati wa kaskazi, friji si kosa. Mafuta yatakuwa mazito na kutoa vipande vyeupe, kisha yatarudi yakipata joto la chumba. Vipande hivyo si uharibifu. Wanaoishi Njombe, Limuru au Ulaya huviona kabatini bila friji.

Chini kuna mashapo, au yamefifia kama maziwa

Ni mafuta yasiyochujwa. Yana ladha nzuri yakiwa machanga kabisa, lakini chembe za tunda na maji yaliyobaki huyaharibu mapema. Kwa safari ndefu hadi huku, ningechagua yaliyochujwa.

Nikikaangia yanatoa moshi

Moto ni mkubwa mno. Daraja la juu lililo safi huvumilia nyuzi 190 hadi 210 hivi, na kukaanga kwa kawaida ni nyuzi 160 hadi 180. Yakitoa moshi mapema yakiwa kwenye moto wa wastani, yana umri au kasoro. Harufu ya tunda hupotea motoni, kwa hiyo vitumbua na chipsi havihitaji chupa yako bora. Imiminie chakula kikishaiva.

Hakuna chupa hata moja yenye tarehe ya mavuno

Hali hii utaikuta mara nyingi, hasa kwenye supamaketi za miji midogo. Fanya hivi: weka kando kioo cheupe chote. Kwa zilizobaki, linganisha tarehe za mwisho wa matumizi uchukue iliyo mbali zaidi. Kama zote zina chini ya miezi 9, ahirisha. Kati ya zenye tarehe nzuri, pendelea inayotaja nchi moja badala ya mchanganyiko, kisha chukua chupa ndogo kuliko zote. Tunza risiti, fungua siku hiyohiyo, onja kwa glasi kama tulivyoeleza. Ikinuka karanga za zamani au siki, irudishe mapema na useme kasoro kwa jina lake, kwamba mafuta yamechacha au yana harufu ya siki, badala ya kusema huyapendi. Wakikataa, yatumie kukaangia vitunguu na usiinunue tena kwenye duka hilo. Ikiwa nzuri, mwulize msimamizi wa rafu shehena nyingine inaingia mwezi gani, na mwombe alete zenye tarehe ya mavuno. Wasimamizi huagiza kinachoulizwa, na wateja wachache sana wamewahi kuwauliza hilo.